Chanjo imepatikana, aliyesoma slaidi yuko wapi?

Kusoma slaidi za malaria kunataka shingo ngumu. Unainama kwenye hadubini, unadondosha tone la mafuta juu ya kioo chenye damu iliyotiwa rangi ya Giemsa, unaanza kuhesabu: kidole kimoja kinabonyeza kihesabio kwa kila kimelea, kingine kwa kila chembe nyeupe ya damu, hadi chembe hizo zifike 200. Kisha unachukua slaidi nyingine. Mwenzako anairudia ileile bila kuona jibu lako, na mkipishana sana anaitwa msomaji wa tatu. Nimeifanya kazi hiyo miaka saba, mradi mmoja wa utafiti hadi mwingine.

Ndiyo maana Oktoba 2023, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza R21 itumike, ikiwa chanjo ya pili ya malaria baada ya RTS,S, nilifurahi kama niliyejaliwa mtoto. R21 ilibuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na inatengenezwa India, lakini majaribio yake makubwa, yenye watoto zaidi ya 4,800, yalifanyika Burkina Faso, Mali, Kilifi kwa jirani zetu Kenya, na hapahapa kwetu Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Kwenye maeneo ambako malaria iko mwaka mzima, iliwakinga watoto kwa asilimia 68 katika miezi 12 baada ya dozi ya tatu. Aliyewahi kulaza mtoto wodini wakati wa masika, vitanda vimejaa wawiliwawili, haelezwi uzito wa namba hiyo.

Ifakara yenyewe haikuota kama uyoga. Ilianza 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi pale bonde la Kilombero. Miaka ya 1990 ilijaribu chanjo iitwayo SPf66 kwa watoto wa kijiji cha Idete. Kinga iliyopatikana ilikuwa ndogo na chanjo ile haikufika mbali, ila nyuma yake walibaki watu waliojua kuendesha majaribio: kumweleza mama hadi aelewe kabla hajaweka sahihi, kutoa damu mtoto asishtuke, kutunza baridi ya sampuli kwenye barabara ya vumbi. Ujuzi huo unakaa mikononi mwa watu, na mtu akiondoka anaondoka nao.

Nao wanaondoka. Binti mmoja niliyemfundisha kusoma slaidi alikuja kunipita kwa umakini. Vimelea vichache kiasi cha kumponyoka kila mtu, yeye alivikamata. Alipewa mkataba wa miezi sita, ukaongezwa mitatu, kisha mradi ukafungwa. Leo yuko duka la dawa, anauza panadol. Sidharau kazi ya duka, lakini nilimfundisha miaka miwili, na nafasi yake imebaki wazi.

Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya utafiti wa afya ilikwama katika nchi nyingi za Afrika, mingine katikati ya majaribio. Wengi walimlaumu mfadhili. Mimi lawama yangu iko nyumbani. Mwaka 2007, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakahimizana kila nchi itenge walau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti ifikapo 2010. Muda huo umepita zamani, na bado mshahara wa msoma slaidi unategemea barua pepe kutoka ng'ambo.

Tunapenda kusema tuwatie moyo vijana wasome sayansi. Moyo wanao! Wanachokosa ni ajira isiyokufa pamoja na mradi: mtaalamu wa maabara, mchakata takwimu, mhudumu anayezunguka vijijini na pikipiki, wote wawe kwenye ikama ya serikali, na fedha ya mfadhili iongeze vifaa na safari. Bunge la bajeti linapokaa Dodoma, mbunge wako amuulize waziri hili: mwaka huu taasisi zetu za utafiti zimepata nafasi ngapi za kudumu? Ajibiwe kwa namba.