Mjanja Aliyelipa Kumi na Nane

Nilipokuwa nasoma Tokyo niliingizwa kwenye klabu ya rakugo ya chuo. Nasema niliingizwa, maana nilifuata biskuti za bure.

Rakugo ni usimuliaji wa hadithi za kuchekesha. Msimuliaji anapiga magoti juu ya mto na hainuki mpaka amalize. Ana upepeo wa kukunja na kitambaa, basi. Upepeo ukifungwa ni vijiti vya kulia, baadaye kidogo ni kiko, baadaye tena ni upanga. Akigeuza uso huku ni mtu huyu, akigeuza kule ni mtu yule.

Mkao wenyewe haukunitisha. Mimi ni mtoto wa Tanga, tahiyatu nimeikalia tangu utotoni. Nilisahau kwamba tahiyatu ina salamu mwishoni, tena upesi.

Senpai, yaani kaka mkubwa wa klabu, akanipa hadithi ya zamani ya "Toki Soba". Mjanja mmoja anakula tambi za soba usiku kwa mchuuzi wa barabarani. Bei ni mon 16, yaani sarafu 16 za Kijapani za zamani. Anahesabu sarafu moja moja kwenye kiganja cha mchuuzi: moja, mbili, tatu... nane, "Hivi sasa saa ngapi?" Mchuuzi anajibu, "Tisa." Mjanja anaendelea: kumi, kumi na moja, mpaka 16. Sarafu moja kaila. Bwege aliyekuwa anachungulia anatamani naye afanye hivyo, kesho yake anakuja mapema mno. "Saa ngapi?" "Nne." Tano, sita, saba... anajikuta amelipa 20.

Utauliza tisa gani hiyo ya usiku. Saa za Wajapani wa kale zilihesabiwa kurudi nyuma: usiku wa manane ni tisa, halafu nane, saba, sita ndiyo alfajiri. Na ile nne ya bwege huangukia kwenye saa nne usiku, ile ile yetu! Nilifurahi kama niliyekutana na jirani ugenini. Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Siku yenyewe tulikwenda kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Nilianza vizuri. Kwenye kula tambi ndipo nilipowapata: upepeo mdomoni, navuta mchuzi fyuuu, kelele ambazo mama angezisikia ningelala na njaa. Wazee wakapiga makofi. Kichwa kikavimba.

Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili... nane. "Hivi sasa saa ngapi?" Nikageuza uso niwe mchuuzi. Nikauona ule usiku wa manane, giza, mbwa wanabweka, na ubongo wangu ukapanda basi la Tanga bila kuniaga. Nikajibu kwa Kijapani safi kabisa: "Sita!"

Kimya. Senpai pembeni akajifunika uso kwa kitambaa. Kurudi nyuma siwezi, mjanja kishanyoosha mkono. Nikaendelea kwa sauti inayofifia: saba, nane, tisa... Kufika 16, mzee wa mstari wa mbele, aliyekuwa anahesabu kwa vidole, akatangaza, "Kumi na nane! Kapunjwa!" Ukumbi ukaangua kicheko, na bwege wangu hata hajatokea. Alipotokea akalipa 20 zake kama ilivyoandikwa, lakini nani tena alimjali? Sasa nilikuwa na mabwege wawili.

Nikainamisha kichwa kuaga, nikajaribu kusimama. Miguu haipo. Imekufa ganzi mpaka mapajani. Nikabaki pale pale juu ya mto, natabasamu kama niliyepanga kubaki.

Bibi mmoja akaja taratibu na mkongojo wake hadi mbele yangu. Akafungua pochi, akatoa sarafu mbili za yeni kumi, akanikunjia kwenye kiganja.

"Mrudishie yule mjanja," akasema. "Zake zilizozidi."