Mtoto wa Mtwara akitaka kozi ya gesi, asiiruke fizikia

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mzazi wa Mtwara mwenye mtoto aliyesoma PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati) huuliza kwanza: chuo gani kina kozi ya gesi? Ana haki. Mnazi Bay yenye visima vya gesi iko mlangoni, bomba la Dar es Salaam linasafirisha tangu 2015, na Lindi bado inasubiri kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika pale Likong'o. Basi kijana anapekua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, akisaka "jiofizikia" (fizikia ya ardhi) au "petroli". Fizikia anairuka, eti hiyo ni ya walimu.

Wanaotaka jina mahususi hawajakosea kabisa. Tangazo la kazi hutaja shahada kwa jina, na afisa utumishi hana muda wa kuchambua masomo uliyosoma. Tena mwanafizikia asiyeujua mwamba ni hasara.

Lakini tazama kazi yenyewe. Mtafuta gesi hutuma mawimbi ardhini na kupima muda wa kwenda na kurudi. Yakirudi baada ya sekunde 2, moja ya kushuka na moja ya kupanda, nawe ukakadiria kasi ya mita 3,000 kwa sekunde, utasema tabaka liko mita 3,000 chini. Kumbe kasi halisi ni 3,300? Umekosea kwa mita 300, na kisima cha baharini hakichimbwi kwa pesa ya vitumbua. Programu ya kompyuta haitakushtua. Itachora picha safi tu kwa kasi yoyote utakayoiingiza. Wa kushtuka ni wewe, kama mawimbi na hesabu vimekukaa kichwani.

Halafu bei. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilizidi dola 100. Januari 2016 likawa chini ya 30, na ajira za sekta zikasinyaa. Aliyeshika fizikia akaongeza jiolojia anaweza kupigilia vijiti vinne vya chuma pale Newala, apitishe umeme, asome ukinzani wa ardhi, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, na kukadiria maji yalipo, gesi iuzwe isiuzwe.

Kwa hiyo jina la kozi lije baadaye. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha jiolojia: ulizia ndani yake kuna mawimbi, sumaku na graviti kiasi gani. Ukimaliza shahada ya kwanza, Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits) cha Johannesburg kina mwaka wa jiofizikia wa ngazi ya Honours. Na popote uendapo, uliza kama vifaa vya kupimia mwanafunzi huvishika mwenyewe au huonyeshwa kwenye slaidi.