Mimi ni Daudi, Msinirekebishe

Wiki mbili zilizopita nilikwenda ofisi moja hapa Dodoma mjini kufuatilia karatasi zangu. Kijana aliyekaa kwenye kompyuta akaniuliza jina, nikamtajia. Akaandika David. Nikamwambia, mdogo wangu, ni Daudi. Akaniangalia kwa huruma fulani hivi: "Sawa mzee, ila jina lenyewe hasa ni David. Daudi ni la Kiswahili tu."

Nina miaka arobaini na kitu na sijazoea kuitwa mzee, lakini hilo tuliache. Kilichonikera ni lile neno "tu".

Jina lenyewe hasa! Waebrania wa kale walisema Dawid, Waarabu husema Dawud, sisi tunasema Daudi. Hiyo "Deivid" ni Waingereza waliolivuta kwa ulimi wao, na wana haki yao, kila mtu hutamka kadiri ya kinywa alichopewa. Lakini tukianza kupima nani yuko karibu na yule mchunga kondoo wa Bethlehemu, ofisi ile imeshindwa vibaya. Mwaka 1993, huko Tel Dan kaskazini mwa Israeli, wachimbuzi waliokota kipande cha jiwe jeusi chenye maandishi ya Kiaramu ya karne ya 9 kabla ya Kristo, na ndani yake mna maneno ambayo wataalamu wengi wanayasoma kuwa "nyumba ya Daudi". Herufi walizochonga ni konsonanti tupu: d, w, d. Hapo "Deivid" utaisikia wapi?

Tena kuna jambo ambalo yule kijana hawezi kulijua kwa sababu amekulia wakati mwingine. Mtaani kwetu, nilipokuwa mdogo, kulikuwa na wazee wawili wenye jina hili. Mmoja babu yangu, Mwanglikana wa kutoka Mvumi, aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Mwingine fundi baiskeli, Mwislamu safi, aliyekuwa akifunga duka lake saa sita ya Ijumaa hata kama gurudumu lako liko nusu nje. Wakiitana wao kwa wao walisema "somo". Mtoto akipaza sauti "Babu Daudi!" wote wawili waligeuka, halafu kila mmoja akamsingizia mwenzake kwamba ndiye anayedaiwa.

Babu alikuwa na Zaburi zake, zote 150, nyingine anaziimba kwa kichwa huku anakosea tuni. Fundi naye alituambia Nabii Daudi ndiye aliyepewa Zaburi na ndiye aliyelainishiwa chuma mkononi, ndiyo maana yeye fundi anamheshimu kuliko wengine. Sikiliza, jina moja, na hakuna aliyejua dini yako kwa kulisikia. Leo ukisikia David unajua moja kwa moja huyo anakwenda kanisani, ukisikia Dawood unajua huyo ni wa msikitini. Daudi ndilo lililokuwa benchi tulilokalia wote, na sasa tunalipasua kuni tukidhani tunalisafisha.

Mwezi wa tatu nilikuwa shambani kwa mjomba, upande wa Bahi. Mtama umeshatoa masuke, kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na mjomba yuko juu ya dungu anaamia ndege. Umri wake ungemruhusu kukaa nyumbani, lakini hamwamini mtu. Ana kombeo la katani alilosuka mwenyewe, na kando yake fungu la mawe ya kuchagua, yale ya mviringo. Nikampandia na simu, tukasalimiana, mbukwa mjomba, mbukwa, nikamwonyesha picha ya sanamu ya Daudi iliyoko Florence, Italia. Ni kazi ya Michelangelo, aliyoichonga kati ya mwaka 1501 na 1504. Kimo chake ni mita 5 na sentimita 17, jiwe moja la marumaru lisilo na kiungo. Na jiwe lenyewe lilikuwa limeshakataliwa: wachongaji wengine walianza nalo wakaliacha, likakaa uwanjani likinyeshewa kwa miaka kama ishirini na mitano mpaka kijana wa miaka 26 akasema nipeni mimi.

Mjomba aliishika simu mbali na macho kama watu wa umri wake wanavyofanya. Kwanza akauliza kwa nini hajavaa nguo, nikakosa jibu la kumridhisha. Halafu akanyamaza. Akakuza picha kwa vidole viwili, nilivyomfundisha mwaka jana, akasogea kwenye mkono wa kulia, ule unaoning'inia, mkubwa kupita kiasi, mishipa imetutumka. Akasogea kwenye bega la kushoto lilipolala kombeo. Akapanda shingoni, akafika machoni.

"Huyu hajarusha bado," akasema. "Anapima upepo."

Nimesoma maelezo kadhaa kuhusu sanamu ile, na wengi wanasema jambo hilohilo kwa kurasa nyingi: kwamba wachongaji waliotangulia walipenda kumwonyesha Daudi ameshashinda, kichwa cha Goliathi kiko miguuni, na huyu wa Michelangelo bado yuko kabla. Mjomba hajawahi kufika Florence wala darasa la nane. Amerusha mawe tu, miaka sitini.

Sanamu ile ilisimama nje ya ikulu ya mji, juani na mvuani, mpaka mwaka 1873 ilipohamishiwa ndani. Mwaka huohuo, tarehe 1 Mei, alikufa Daudi mwingine, David Livingstone, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Mwaka mmoja kabla alikuwa jirani zetu, Kwihara karibu na Tabora, amekaa miezi akisubiri wapagazi, na tembe lake sasa ni makumbusho. Watoto wetu wanafundishwa mengi juu yake. Mimi hupenda kuwauliza kuhusu Susi na Chuma, watumishi wake, walioukausha mwili wake na kuubeba pamoja na wenzao, wakapita tena Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874 baada ya miezi kama tisa ya kutembea. Naona kazi ile ni kubwa kuliko nusu ya safari za marehemu mwenyewe.

Kwenye muziki nitamtaja mmoja tu, Daudi Kabaka wa Kenya, ambaye wazazi wetu walicheza twisti kwa sauti yake. Wimbo wake wa "Helule Helule" ulichukuliwa na kundi la Uingereza, The Tremeloes, wakaurekodi upya mwaka 1968. Waingereza wenyewe, na mtunzi akabaki Daudi. Hakuna aliyemwambia jina lake lenyewe hasa ni jingine.

David Beckham, yule mchezaji mpira wa Uingereza, simwachi, kwa sababu mwaka 2002 nusu ya vijana wa mji huu walinyoa kile tunachokiita leo kiduku, nikiwemo mimi, na babu alikataa kula nami meza moja siku tatu. Lile bao lake la faulo dhidi ya Ugiriki, Oktoba 2001, dakika za nyongeza, lililoipeleka Uingereza Kombe la Dunia, hata waliokuwa hawaipendi Uingereza waliruka. Basi, tusonge.

Ninayempenda hasa ni David Rudisha. London, tarehe 9 Agosti 2012, mita 800. Hakuna mtu wa kumvutia kasi, akatoka mbele tangu mwanzo, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Aliyeshika mkia katika fainali ile alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Yaani aliwaburuta wote saba nyuma yake mpaka wengi wao wakapita uwezo wao.

Nilimwonyesha mjomba na mbio hizo pale pale juu ya dungu, bando likanikata mara mbili. Alitazama mpaka mwisho bila kusema kitu, jiwe likiwa bado mkononi, kwelea wakila upande wa pili. Akaniuliza huyu ni wa kabila gani. Nikamwambia Mmasai wa Kenya, somo wangu, David Rudisha.

"Rudisha?" Mjomba akacheka mpaka dungu likatikisika. Wagogo na Wamasai wana hesabu zao za zamani za mifugo, na utani wake haujaisha. "Mmasai anaitwa Rudisha! Mwambie basi aanze na ng'ombe za babu yako."