Vasco da Gama: siku 23 za kwenda, miezi mitatu ya kurudi

Vitabu vya historia vya shule vina sentensi ambayo vizazi vimeikariri: Vasco da Gama aligundua njia ya bahari ya kwenda India. Wapo wanaoipinga kwa hasira na kusema hakugundua chochote, alibebwa tu na rubani wa Malindi. Kila upande umeshika kipande cha njia na kukiita njia nzima. Safari ile ya 1497 hadi 1499 ilipita bahari mbili zenye desturi mbili, na aliyekuwa bingwa wa moja alikuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi mkaidi, katika ya pili.

Tuanze na upande wa Mreno, maana huwa tunaupita haraka. Bartolomeu Dias alikwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1488, lakini alishuka akiifuata pwani ya Afrika. Ukishuka hivyo kusini ya ikweta, upepo ni wa omo, unakujia usoni, na mkondo wa maji unakurudisha ulikotoka. Chombo chenye matanga ya mraba hubisha, yaani hupanda dhidi ya upepo, vibaya sana. Kinaweza kuhangaika wiki nzima na kujikuta palepale. Da Gama alipotoka kisiwa cha Santiago, Cabo Verde, tarehe 3 Agosti 1497, hakurudi kuifuata pwani. Aliipa nchi kavu mgongo, akateremka katikati ya Atlantiki, pepo za kusini-mashariki zikimpiga ubavuni badala ya usoni, mpaka akazikuta pepo za magharibi zinazomsukuma mtu kuelekea Rasi. Nchi kavu waliiona tena tarehe 4 Novemba. Hizo ni siku 93 za maji matupu. Columbus, kutoka visiwa vya Canary hadi ng'ambo, alitumia siku 36.

Walitia nanga ghuba ya St Helena na kwenda kupima jua kwa astrolabu, chombo cha kupimia kimo cha jua angani, kazi inayofanyika vizuri zaidi nchi kavu kwa sababu sitaha inayoyumba huchezesha kipimo. Rubani wao, Pero de Alenquer, aliyewahi kusafiri na Dias, alikisia kwamba Rasi iko ligi 30 mbele, kama kilomita 180. Hakukosea sana. Baada ya miezi mitatu bila kuona hata mwamba, hiyo si bahati ya mtu aliyepotea. Ujuzi wa mzunguko huo haukutoka Kilwa wala Calicut, bandari ya India alikokuwa akielekea. Ulijengwa na mabaharia wa Kireno waliokuwa wakirudi kwao kutoka Guinea, safari baada ya safari, na anayesema hawakuleta kitu baharini hajautazama upepo wa Atlantiki kwenye ramani.

Gharama ya siku hizo ilikuja kudaiwa baadaye. Januari 1498, kwenye mto wa Quelimane, walikaa siku 32 wakitengeneza vyombo huku watu wakivimba miguu na mikono, na fizi zikiota juu ya meno hata wasiweze kula. Ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi. Dawa yake ilikuwa imejaa pwani yetu. Aprili, São Rafael, mojawapo ya merikebu zake, ilipokwama kwenye fungu karibu na Mtangata, kusini ya Tanga, wenyeji walikuja na vyombo vyao kuuza machungwa, na maji yalipojaa merikebu ikaelea yenyewe. Mombasa nako waliletewa machungwa na ndimu. Wagonjwa wakapona, na mwandishi wa shajara ya safari akausifu uzuri wa hewa ya mji.

Sasa Malindi. Simulizi tamu inasema mji ulimpokea mgeni kwa ukarimu na kumpa rubani. Shajara yenyewe ina ladha nyingine. Da Gama alifika tarehe 14 Aprili 1498 akitoka Mombasa, alikowatesa mateka kwa mafuta ya moto ili wakiri njama, na njiani akakamata chombo pamoja na waliokuwemo. Mfalme wa Malindi alikuwa na ugomvi wake na Mombasa, kwa hiyo mgeni mwenye mizinga alimfaa. Hata hivyo siku zilipita na rubani haonekani. Tarehe 22 mjumbe wa karibu wa mfalme alipopanda merikebuni, da Gama alimzuia na kutuma ujumbe ufukweni kuwadai marubani walioahidiwa. Rubani akaletwa. Mimi naona neno ukarimu halitoshi hapo; ilikuwa biashara kati ya wawili wanaohitajiana, na mmoja wao akiwa ameshikilia mtu wa mwenzake.

Ni nani rubani huyo? Jina la Ahmad ibn Majid, bingwa wa unajimu wa bahari kutoka Julfar, bandari ya Ghuba ya Uajemi, limerudiwa sana. Linatokana na mwandishi aliyeandika kwa Kiarabu miongo kadhaa baada ya tukio. Maandishi ya Kireno yanamtaja mtu wa Gujarati, nayo humwita Malemo Cana au Canaqua. Hilo silo jina la mtu, ni cheo: malemo ni mualim, mjuzi wa njia na nyota chomboni, neno lilelile lililotupa mwalimu, na kanaka ni mnajimu kwa lugha za India. Ushahidi wa kumtwika Ibn Majid mzigo huo ni mwembamba, na wanaomlaumu mzee wa watu kwa kuwafungulia Wareno mlango wangefanya vizuri kuupima upya.

Kifaa cha watu hawa kilikuwa kamal: kibao kidogo cha mbao chenye uzi uliopitishwa katikati na kufungwa mafundo. Unaubana uzi kwa meno kwenye fundo fulani, unausogeza mkono mpaka uzi ukaze, ukingo wa chini wa kibao uguse upeo wa bahari, kisha unatazama kama ukingo wa juu unagusa nyota ya kaskazini. Ikigusa, uko kwenye mstari wa bandari ya fundo hilo. Nyota ikiwa juu ya kibao, umepita kaskazini mno. Hakuna hesabu ya jua wala haja ya kushuka pwani. Kifaa hiki kinafaa bahari yetu kwa sababu huku nyota hiyo iko chini. Lisbon, inakokaa kama nyuzi 38 juu ya upeo, kibao kile kingekuwa shida tupu. Kusini ya ikweta nayo haionekani. Ndiyo maana shajara inataja kwa furaha kwamba Jumapili, siku tano baada ya kung'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, waliiona tena nyota ya kaskazini ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu.

Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ilikuwa imeanza kushika lakini haijachafuka. Zaidi ya kilomita 4,000 zilikatwa kwa siku 23 hivi, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Wangechelewa wiki tatu wangekutana na mawimbi yanayofunga bandari za Malabar, pwani ile ya India, Juni hadi Agosti. Hata kwa kufika Mei, walielekezwa wahamie Pandarani, penye maegesho salama zaidi.

Biashara iliwashinda. Zawadi kwa mfalme wa Calicut zilikuwa vitambaa 12 vya mistari, kofia sita, vifuniko vinne vyekundu vya kichwa, nyuzi nne za marijani, sanduku la mabeseni sita, sanduku la sukari, mapipa mawili ya mafuta na mawili ya asali. Maofisa walicheka, wakasema mfanyabiashara maskini kuliko wote kutoka Makka huleta zaidi. Waliondoka tarehe 29 Agosti wakiwa na viungo kiasi na mateka.

Kisha likaja kosa kubwa kuliko yote. Baada ya kutengeneza vyombo kisiwani Anjediva, karibu na pwani ya India, waliondoka tarehe 5 Oktoba. Mvuvi yeyote wa pwani anajua Oktoba ni nini: kusi imechoka, kaskazi ya kurudi Afrika haijaja, ni tanga mbili. Upepo huvuma nusu siku ukageuka, halafu shwari. Vyombo vya wenyeji hungoja Desemba. Waliokwenda kwa siku 23 walirudi kwa siku tatu pungufu ya miezi mitatu. Kiseyeye kilirudi, watu 30 wakafa njiani, wakabaki saba au wanane tu wa kufanya kazi katika kila chombo. Tarehe 2 Januari 1499 walitokea mbele ya Mogadishu, na tarehe 7 wakafika Malindi, ambako da Gama alituma watu pwani kutafuta machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Sasa alijua. Kwa wengi alikuwa amechelewa.

Kwa haki, alikuwa na sababu za haraka: alitoka Calicut kwa ugomvi na aliogopa kuandamwa. Ila tofauti ya siku 23 na siku karibu 90 haielezwi na ushujaa wala woga. Ni kalenda ya upepo. Alipoifuata aliteleza, alipoipuuza alizika watu. Mwezi huohuo, kwenye mafungu yaleyale ya Mtangata, waliichoma São Rafael wenyewe kwa sababu mabaharia waliosalia hawakutosha merikebu tatu.

Kwa hiyo aligundua nini? Aliunganisha njia za bahari mbili. Si jambo dogo, lakini hata faida yake kibiashara huongezwa chumvi: pilipili manga iliyopita Bahari ya Shamu kwenda Alexandria na Venice ilififia kwanza, kisha kufikia katikati ya karne ya 16 ikawa imerudi kwa nguvu. Kilichokuwa kipya kabisa ni mizinga na hati ya kartazi, kumlazimisha nahodha anunue ruhusa ya kusafiri kwenye bahari aliyozoea kuisafiri bure. Kilwa ilitozwa kodi ya dhahabu mwaka 1502. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zikaporwa.

Kuhusu upepo, Wareno walinyamaza wakajifunza. Misafara yao iliyofuata ilipangiwa kuondoka Lisbon Machi au Aprili ili iikute kusi, na merikebu zilizojaa pilipili manga zikawa zinangoja Cochin, bandari ya Malabar, mpaka Desemba au Januari, kaskazi ikishashika, kama jahazi lolote la Malindi.