Mama Mkwe na Stata

Majirani zangu wa Kimara, Dar es Salaam, waliacha zamani kutega kengele za simu. Ikifika saa kumi na mbili na robo asubuhi nilikuwa nazungusha ufunguo wa gari langu, Volkswagen ya mwaka 1965, ile ya mgongo kama kobe niliyoachiwa na mjomba, na stata, ile mota ya kuwashia injini, inalia krrraaaa kama mtu kamimina debe la kokoto kwenye mashine ya unga. Mbwa wanabweka, watoto wanaamka, mzee wa nyumba ya pili anakohoa, siku imeanza. Bibi muuza vitumbua aliwahi kuniuliza kwa huruma, "Mwanangu, hivi hilo gari linaumwa wapi?"

Nikamwambia linaumwa stata. Ukizungusha ufunguo, kigia kidogo cha stata kinatakiwa kisogee, kishike meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kiizungushe injini mpaka iwake, kisha kirudi kwake. Changu kilikuwa kinafika pale na kuanza ugomvi.

Bahati nzuri Kimara ina vilima. Nilikuwa naegesha juu; stata ikishindwa, natia gia ya pili, nakanyaga klachi, naliachia gari literemke, katikati ya mteremko naachia klachi na injini inawaka yenyewe. Nimeishi hivyo karibu mwaka mzima. Mialiko niliichagua kwa mwinuko. Harusi ya Mikocheni, kule tambarare kama sinia, nilikwenda kwa daladala na suti yangu.

Fundi wa kwanza alisikiliza mara moja tu akasema nibadilishe stata. Nikaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, nikanunua ya mtumba kwa laki moja na ishirini, nikaifunga mwenyewe ili niokoe hela ya ufundi. Kwenye kobe, stata inakaa upande wa kulia karibu na gurudumu la nyuma, na boliti yake ya juu nati imejificha kule kwenye injini kama mtu mwenye deni. Nusu siku nikawa chini ya gari. Nikatoka, nikazungusha ufunguo. Krrraaaa.

Mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi kwenye magari haya ndiye aliyenifumbua macho. Akaniambia gari la 1965 lilitoka kiwandani na umeme wa volti 6, na flaiwili yake ina meno 109. Walipohamia volti 12, flaiwili ikawa ya meno 130, na stata nayo ikabadilika. "Mjomba wako alishawahi kubadili injini?" Alishabadili. "Basi nenda kahesabu meno."

Kuhesabu meno 130 ukiwa chali mtaani Kimara ni kazi ya mtu asiye na majirani. Tulitoa plagi, mwanangu wa darasa la sita akawa nyuma na spana kwenye puli ya jenereta anazungusha taratibu, mimi chini nachungulia kwenye tundu la stata, jino la kwanza nimelitia chaki. Nimefika hamsini na nane, nikaona miguu ya mzee wa nyumba ya pili. Sasa utafanyaje, mzee kasimama?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapo unafanya nini?"

"Nahesabu meno, mzee."

"Ya nani?"

Nikaanza upya. Kwenye tisini na moja akapita mjumbe wa nyumba kumi, huyu akataka na habari za watoto. Mara ya tatu nikamwambia mwanangu ndiye aitikie salamu zote. Akawa anaitikia "marahaba" kwa wazee. Ugomvi ule nao ukatula dakika kumi. Jioni chaki ikarudi pale ilipoanzia: meno 130. Nilikuwa nimeuziwa stata ya meno mengine kabisa. Muuzaji alikubali tubadilishane kwa nyongeza ya elfu arobaini, tena kwa uso wa mtu anayetoa sadaka.

Jumamosi nikaifunga ile mpya ya volti 12. Nikazungusha ufunguo. Kelele ilibadilika, nakiri. Mara hii ilikuwa krii, krii, halafu krrraaaa.

Nikaichomoa tena. Nilikuwa chini ya gari juu ya kipande cha boksi, kifua wazi, nimevaa bukta iliyochanika mahali ambapo bukta haitakiwi kuchanika, ndala moja ya bluu na nyingine nyekundu, na kutoka magotini mpaka miguuni niko nje. Hapo nikasikia bajaji ikisimama, mzigo ukitua chini, na sauti ninayoifahamu.

"Fundi, hujambo?"

Mama mkwe. Alikuwa afike Jumapili kutoka Lushoto. Sasa mimi kwa mama mkwe hata chakula nakula nimeinama. Nitatokaje pale na bukta ile? Nikakaza koo, nikatoa sauti nzito ya kigereji.

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Mwenyewe yupo?"

"Katoka mama. Kafuata spea."

"Heri katoka." Akaketi kwenye kile kigoda nilichowekea spana. "Huyu mkwe wangu, fundi, ni mtu mzuri, sina neno naye. Ila mikono yake ni ya kushikia kalamu. Sufuria la binti yangu likilegea mpini, linasubiri mpaka kaka zake waje kutembea."

Oili ya gia boksi ilinidondokea jichoni. Sikuthubutu hata kufuta.

"Linafanyaje hilo?"

"Linasaga, mama."

"Stata umebadili?"

"Mara mbili."

"Na kibushi?"

Nikanyamaza. Yeye akaendelea, huku namsikia anamenya ndizi.

"Marehemu baba yao alikuwa nalo hilihili, enzi zile akiwa bwana shamba. Mimi ndiye nikimshikia tochi. Stata ya gari hili kwa mbele haijitegemei. Ncha ya shafti yake inaingia kwenye kibushi cha shaba humo kwenye gia boksi. Kibushi kikipanuka, shafti inayumba, meno yanagongana. Tia kidole."

Nikatia kidole. Kibushi kilikuwepo, kimelika upande mmoja mpaka tundu limekuwa na umbo la yai. Isitoshe, kilikuwa cha stata ya zamani yenye shafti nene. Nikaichukua ile mpya iliyokuwa tumboni kwangu, nikaipachika ncha yake mle bila kufunga boliti: ilicheza kama mguu wa mtoto kwenye gumbuti la baba yake. Laki moja na sitini zilikuwa zimekwenda, na ugonjwa ulikuwa kwenye kipande cha shaba kisichojaa kiganjani.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

Mkono wake ukaingia chini ya gari na noti ya elfu tano. "Shika ya soda. Na usimwambie mkwe wangu kuwa mimi ndiye niliyekuelekeza. Ataona haya."

Nikaipokea. Ningefanyaje? Mke wangu alitoka, akaitazama ile miguu, akamtazama mama yake, akamshika mkono haraka akamwingiza ndani, na sauti ya kicheko chake nikaisikia mpaka jikoni. Mimi nikatokea upande wa pili, nikaruka ukuta kwa jirani, nikaoga kwake, nikaazima shati. Nusu saa baadaye nikaingia kwangu kwa mlango wa mbele na mkate mkononi. "Shikamoo mama! Karibu, pole na safari."

Kibushi cha tundu dogo, cha gia boksi ya zamani na stata mpya, nilikipata Gerezani jioni ileile. Yule mzee alinisisitiza nikiloweke kwenye oili usiku kucha, kwa kuwa shaba ile ina vitundu inavyonywea mafuta. Kililala kwenye kikombe changu cha chai. Kukichomoa cha zamani kulinichukua saa mbili alfajiri, kwa mwanga wa simu, na maneno niliyoyasema kule chini hayafai kuandikwa siku ya ibada.

Saa moja asubuhi mama mkwe akakaa kiti cha nyuma, mke wangu mbele. Nikazungusha ufunguo. Nyeng', injini ikawaka. Kimya kilitanda mtaa mzima, na baadaye nilisikia kwamba mzee wa nyumba ya pili siku hiyo aliikosa ibada ya kwanza kwa kupitiwa na usingizi.

Tulipofika Ubungo, mama mkwe akakohoa kidogo.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Zile ndala za fundi wako nimezikuta bafuni. Ya bluu na nyekundu."

Mke wangu akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

"Ndiyo, mama."

"Basi usimlipe tena. Mimi nilishamlipa."