Umekodi muvi kwa mia tano, una haki ya kusema ni mbovu?

Juzi nilikuwa kwenye daladala natoka Uyole, mvua ile ya Mbeya isiyojua kukata, nyuma yangu kuna kijana anabishana na mwenzie mpaka gari zima tukaacha simu tukawa tunasikiliza. Anasema aliwahi kushika kamera kwenye muvi moja iliyorekodiwa huku huku kwetu, na kinachomuuma siyo kwamba haikuuza, kinachomuuma ni wale wanaokaa nje ya laibrari za muvi wanagawa maksi. "Mtu kalipa mia tano, na hiyo mia tano mimi sijaiona, halafu anasimama barabarani anasema muvi yangu ya kijinga!" Watu wakacheka, na mi nikacheka, ila nilivyofika nyumbani nikaona jamaa ana hoja, tatizo anampiga asiyehusika.

Kwetu ukisema unapita laibrari hakuna anayefikiria ile maktaba ya mkoa yenye vitabu na ukimya. Laibrari ni kile kichumba chenye mapostaa yaliyopauka, zamani mikanda ya deki, baadae CD, sasa hivi kompyuta moja na foleni ya flashi.

Upande wa kijana nitaupitia haraka maana hauna ubishi mkubwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko wazi, kunakili, kusambaza, hata kukodisha ni haki ya mwenye kazi, COSOTA, yani ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo, na kuanzia 2013 serikali ikaleta na stempu za TRA za kubandika kwenye CD za muziki na filamu. Anayekuwekea muvi kumi kwenye flashi hajamlipa mtu yeyote na anajua. Hapo simtetei. Kuna mama aliuza kiwanja mtoto wake akarekodi muvi, halafu wiki ya kwanza tu ipo kila kona ya Mwanjelwa, huwezi kumwambia mtu kama huyo habari za utamaduni wa mtaa.

Ila sasa tupige hesabu, maana hili huwa linaniudhi kila mtu akisema "si waangalie mtandaoni kihalali". Bei elekezi ya TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, iliyoanza 2021 iliweka MB moja kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Chukua ya chini kabisa, mfanye mtu wetu awe na bahati. GB moja inakuja kama 2,080. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula karibu GB moja kwa saa, na HD mpaka GB 3. Muvi ya masaa mawili kwa picha ya kawaida ni GB 2, yani shilingi 4,160 hivi. Kwa HD ni GB 6, hapo unaongelea 12,400 na kitu, na bado hujalipia hiyo huduma ya muvi yenyewe, na bado haijakata katikati ukaanza kuzungukwa na kile kiduara. Elfu kumi na mbili! Kwa mtu anayeuza viazi pale soko la SIDO hiyo siyo starehe tena, huo ni mtaji. Weka pembeni yake mia tano ya laibrari halafu uniambie nani asingeingia laibrari. Ukumbi wa sinema ndo usiseme, mimi ile mikubwa nimeingia Dar tu, kilomita mia nane na kitu kutoka hapa. Kwahiyo mtu anapolaumiwa kwamba kaangalia muvi kwa njia ya panya, kwanza muonyeshe njia ya watu iko wapi.

Haya, lakini hata hilo silo ninalotaka kusema. Ninachotaka kusema ni kwamba yule anayetoa maksi nje ya laibrari anaonewa, na watu wa filamu hawajui walichokuwa nacho.

Nimekulia kwenye laibrari ya CD. Utaratibu ulikuwa unaacha kitambulisho, unaandikwa kwenye daftari, unachukua CD, kesho kabla ya saa kumi urudishe, ukichelewa unalipia siku ya pili. Mzee mwenye laibrari alikuwa hakupi kitambulisho chako mpaka umjibu swali moja: "Enhee, vipi?" Na huwezi kusema "nzuri" ukaondoka, atakuuliza nzuri wapi. Steringi anakufa? Inafaa kuangalia na watoto? Klia, yani kopi safi, au ya kamera, ile ya kurekodiwa ukumbini? Mwanzo inachosha? Majibu yako anayahifadhi kichwani, mengine anaandika pembeni ya daftari kwa peni nyekundu, na akija mwingine nusu saa baadae anamwambia, "hii vumilia robo saa ya mwanzo, mwalimu mmoja hapa amesema baada ya hapo huendi hata chooni."

Hawa hawakuwa wasomi wa sinema. Ila nakumbuka mama mmoja alirudisha muvi ya kibongo kwa hasira kabisa, akasema, "Maskini gani huyu analia hana hela ya dawa halafu kakalia sofa la ngozi?" Mwingine akarudisha part two akidai pesa yake kwasababu nusu saa nzima ni marudio ya part one. Kuna jamaa fundi wa redio yeye kazi yake ilikuwa sauti tu, anakwambia muvi fulani jenereta ndo mhusika mkuu. Ukiyakusanya yale malalamiko unapata kila kitu ambacho baadae watu walikuja kulalamikia bongo muvi kwa maneno makubwa: mandhari isiyoendana na hadithi, kuvuta muda ili zipatikane CD mbili, sauti mbovu. Mama wa sofa aliyasema mapema, bure, na hakuna prodyuza aliyekuja kusoma lile daftari.

Na tusisahau hata waliotufundisha kuangalia muvi za nje walikuwa wanachambua huku wanatafsiri. Lufufu, yule aliyekuwa anatia sauti ya Kiswahili juu ya muvi za nje, alikuwa hatafsiri tu, anamcheka steringi, anamuonea huruma, anakueleza mji ule ukoje, ukimaliza hujui maneno gani ni ya muvi na yapi ni yake. Kwa macho ya sheria hata ile ilikuwa ina maswali yake. Lakini ndo ilitufundisha kwamba muvi ni kitu cha kuongelewa, siyo cha kumezwa.

Sasa kilichoua mazungumzo siyo sheria, ni flashi. Nimeliwaza sana hili. CD ilikuwa lazima urudishe, na kurudisha ndo kulikuwa kunakutoa maneno. Flashi hurudishi kitu, umewekewa muvi ishirini, sizoni nzima ya Kikorea, unaondoka, mwenye kompyuta hakujui na wewe humjui, na hizo ishirini utaangalia sita. Watu wamehamia status za WhatsApp, muvi inachambuliwa kwa emoji tatu za moto, au anakuandikia "muvi kali sana wakuu msikose" na ukimfuata inboksi unakuta hajafika hata nusu. Au anakumwagia mwisho wote kwa sentensi moja bila kukuonya. Hawa kwa kweli kijana wa daladala akiwatukana mi nanyamaza.

Kuna sehemu nyingine ambayo nampa haki yake kabisa. Kopi ya laibrari siyo muvi aliyoitengeneza. Mimi mwenyewe niliwahi kusema muvi fulani ina giza, huoni sura za watu, nikaisambaza hiyo sifa mtaa mzima, miaka baadae nikaiona kwa rafiki yangu kwenye CD yake yenye stempu, mbona inaonekana vizuri tu. Giza lilikuwa la yule aliyeibana mpaka ikawa MB mia tatu. Kwahiyo ukichambua cha kukopi, ongelea hadithi, ongelea uigizaji, picha na sauti ogopa kidogo.

Lakini hoja kwamba hujalipa vya kutosha kwahiyo nyamaza, hiyo hapana. Marekani maktaba za umma zinaazimisha DVD bure, na ni halali, kwasababu ukishanunua nakala halali unaweza kuiazimisha, msingi uliowekwa na mahakama yao ya juu 1908 kwenye kesi ya kitabu. Watu wanaazima, wanaangalia, wanaandika kama imewachosha au imewaliza, na hakuna anayewauliza wametoa shilingi ngapi. Tofauti yao na sisi iko kwenye nani kanunua ile nakala ya kwanza. Hilo ni la mwenye kompyuta na COSOTA, mama wa sofa haliko kwake. Na kama maktaba zetu za mkoa, hapa na Iringa, zingekuwa na kabati moja tu la filamu za kitanzania zilizonunuliwa kihalali, na daftari, nadhani nusu ya ugomvi huu ungepata pa kukaa.

Yule kijana kabla hajashuka Mafiati niligeuka nikamwambia ile muvi yake niliiona. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini tofauti kabisa na ile ya kubishana, "Sauti uliisikiaje?" Nikamwambia pale mlimani upepo ulimeza maneno yote ya yule binti, ila nahisi ni kopi yangu.

"Hapana," akasema, "hiyo ni ya kwetu. Hatukuwa na maiki." Akashuka.