Soma Namba ya Tyubu Kabla ya Kuhesabu Wati

Wengi wanaojitengenezea taa za tyubu za floresenti kwa ajili ya picha huanza na wati. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Cha kutazama kwanza ni namba iliyochapwa mwishoni mwa tyubu. 840 ina maana kwamba uaminifu wa rangi (jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi ya vitu, kilele kikiwa 100) uko kwenye themanini na kitu, na joto la rangi ni 4000K, yaani kelvini; namba ikipanda, mwanga huwa wa buluu zaidi. 865 ni daraja hilohilo, ila kwa 6500K. Zinazofaa picha za watu ni 950 au 965, ambazo uaminifu wake uko juu ya 90.

Tofauti hiyo huonekana kwenye ngozi nyeusi kuliko popote. Mwanga wa tyubu za kawaida hukusanyika kwenye rangi chache tu, kama vilele vyembamba: cha kijani, karibu na nanomita 545, ni kikali mno, na wekundu uliokolea ni haba. Ngozi ya kahawia huhitaji wekundu huo. Ukiinyima, uso unatoka wa kijivujivu kama wa mtu aliyeamka na homa. Mizani ya weupe ya kamera (white balance) itapunguza ukijani, lakini wekundu ambao haukufika kwenye kihisi haurudishwi, hata kwa kompyuta. Ni kweli 950 hutoa mwanga kidogo kuliko 840 ya wati zilezile. Ongeza ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), usipunguze ubora wa rangi.

Kisha balasti, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu. Balasti ya zamani, yaani choki nzito ya sumaku yenye stata, huifanya tyubu ipepese mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50. Ukipiga kwa kasi ya shata ya sekunde 1/500, kila picha inakuja na mwangaza wake na rangi yake. Kwa shata ya elektroniki unapata mistari. Mwenye choki abaki kwenye 1/50 au 1/100. Balasti ya elektroniki huendesha tyubu kwa zaidi ya hezi 20,000, na kwa picha za kawaida tatizo linakwisha.

Kwa picha za nusu mwili zinatosha tyubu nne za T8 (unene wa kawaida, kama sentimeta 2.6) zenye wati 36 (urefu wa meta 1.2), balasti mbili za elektroniki za 2×36 (kila moja kwa tyubu mbili), jozi nne za vishikio, na plaiwudi ya milimita 12 yenye sentimeta 130 kwa 50. Funika ubao kwa bati la alumini lililopakwa rangi nyeupe tupu, si krimu. Tyubu ziachane sentimeta 10, katikati hadi katikati. Zikibanana, mwanga unaorudi kutoka kwenye bati huzuiwa na tyubu jirani. Balasti zikae nyuma, mahali penye hewa, na fuata mchoro uliochapwa juu yake. Nyaya za kwenda kwenye tyubu ziwe fupi, maana kwa hezi nyingi hivyo waya mrefu hupoteza umeme njiani na tyubu hufifia au hugoma kuwaka. Waya wa ardhi ufungwe kwenye bati na kwenye balasti, bila mjadala. Taa nzima haifiki ampea moja, kwa hiyo plagi iwe na fyuzi ya 3A, si ya 13A.

Weka swichi mbili: moja iwashe tyubu ya kwanza na ya tatu, nyingine ya pili na ya nne. Unapata nusu ya mwanga bila kugusa rangi, jambo ambalo kififishi hakikuhakikishii.

Mbele tundika kitambaa cheupe kilichopaushwa. Kitambaa cha marekani ambacho hakijapaushwa kina umanjano. Washa dakika 10 kabla ya kupima rangi. Kwa umbali wa meta moja bila kitambaa, anzia ISO 400, tundu la lenzi f/4, shata 1/100. Kikiwepo, ISO 800.

Tyubu ikivunjika, fungua madirisha na utoke kwa dakika 15, kwa sababu ina zebaki. Okota vipande kwa karatasi ngumu, usifagie.

Umoja wa Ulaya uliziondoa T8 na T5 (nyembamba zaidi) sokoni Agosti 2023, na nchi za Mkataba wa Minamata, unaopunguza matumizi ya zebaki, zimekubaliana kumaliza utengenezaji wake pamoja na kuziingiza na kuziuza nje ya nchi kufikia mwisho wa 2027. Kwa hiyo nunua nane za aina moja kwa mpigo, nne za akiba. Na usichomeke tyubu ya LED kwenye balasti hizi kabla ya kusoma maelezo yake: nyingi hutaka balasti itolewe kwanza.